Shaba ni ya kwetu, juu ya nini mashine ni ya wengine?

Kila siku malori yanatoka Kolwezi kuelekea Likasi, Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa, yamebeba mabamba ya shaba na mifuko mikubwa ya hidroksidi ya kobalti. Na kila siku, kwenye vituo vya moto-taksi na kwenye meza za mafundi wa simu kuanzia Dilala mpaka Manika, swali linarudi lilelile: shaba ni yetu, kobalti ni yetu, juu ya nini telefone na ordinatere zinatoka Chine?

Swali hilo ni la haki. Jibu la haraka ambalo wengi wanalipenda ni kwamba tunaibiwa, basi. Wizi upo, hakuna wa kubisha. Lakini hata mlinda mlango akimkamata mwizi leo, kesho asubuhi kompyuta haitatoka Musonoi. Ili kujua sababu, inafaa kurudi nyuma kwenye miaka ambapo kompyuta ilitoka kwenye maofisi makubwa na kuingia nyumbani mwa watu wa kawaida, kati ya 1975 na 1986. Waliozitengeneza wakati ule hawakuwa wote matajiri. Wengine walikuwa mafundi wa meza kabisa, na walipigana kwa bei mpaka karibu wote wakaanguka.

Kwanza hesabu ya gramu

Simu moja ya kisasa ina shaba ya gramu 15 hivi, na betri yake ina gramu chache za kobalti, mara nyingi chini ya 10. Tuchukue bei rahisi kuhesabu: tani moja ya shaba kwa dola 10,000. Gramu moja inakuwa senti 1 ya dola, gramu 15 ni senti 15. Kobalti nayo, hata tani ikifika dola 50,000, gramu 8 ni senti 40. Ukijumlisha, madini yote ya Lualaba ndani ya simu ya dola 100 hayafikishi dola 1.

Pesa nyingine inakwenda wapi? Inakwenda kwenye chipu, kioo, kamera, programu, matangazo, usafiri, ushuru, na faida ya kila mkono unaopitisha bidhaa. Anayeuza madini anauza kitu ambacho bila hicho simu haiwaki. Lakini kwenye bei ya simu, sehemu yake ni ndogo kuliko faida ya muuza duka wa mwisho.

Fundi wa mashine za kuandikia

Mtu mmoja alielewa jambo hili kwa kuumia. Jack Tramiel alizaliwa mwaka wa 1928 huko Łódź, Poland. Alikuwa Myahudi, akapitia kambi ya Auschwitz akiwa kijana, akaokoka, akafika Marekani mwaka wa 1947. Jeshini alijifunza kutengeneza mashine za kuandikia zilizoharibika. Alipotoka alifungua duka la kuzitengeneza mjini New York. Kampuni yake, Commodore, ilianzia pale, kwenye ufundi wa kufungua na kufunga vitu vya wengine. Mafundi wa hapa mjini wangemtambua.

Kutoka mashine za kuandikia akaenda kwenye mashine ndogo za hesabu, kalkuleta. Alinunua chipu kwa kampuni kubwa ya Texas Instruments, akaziweka ndani ya masanduku yake, akauza. Biashara ilikuwa nzuri mpaka siku Texas Instruments wenyewe walipoamua kuuza kalkuleta. Walikuwa wanajitengenezea chipu, kwa hiyo waliweza kuuza kalkuleta nzima kwa bei ambayo Tramiel alikuwa hawezi kuifuata. Kufika mwaka wa 1975 Commodore ilikuwa karibu kufa.

Tramiel hakulia muda mrefu. Mwaka wa 1976 alinunua kampuni ndogo ya chipu, MOS Technology. Ndani yake alimkuta injinia Chuck Peddle, aliyetoka Motorola na wenzake wachache, na chipu yao iliyoitwa 6502. Mwaka wa 1975 waliianza kwa bei ya dola 25, wakati chipu za washindani zilizofanya kazi ileile ziliuzwa zaidi ya dola 100. Watu walidhani ni uongo. Haikuwa uongo. Kijana mmoja, Steve Wozniak, aliinunua na kuitumia kutengeneza kompyuta ya kwanza ya Apple.

Kuanzia hapo Commodore haikuomba chipu kwa mtu. Mwaka wa 1982 ilitoa Commodore 64 kwa dola 595. Mwaka mmoja tu ukapita, maduka yakawa yanaiuza karibu dola 200. Texas Instruments nao walikuwa na kompyuta yao ya nyumbani, TI-99/4A, iliyoanza mwaka wa 1981 kwa dola 525. Tramiel akawafuata bei kwa bei. Walipoteremka, aliteremka zaidi. Commodore ikafika hata kuwarudishia wateja dola 100 wakileta mashine yao ya zamani, ya kampuni yoyote. Watu wajanja wakawa wananunua kompyuta ndogo ya Timex kwa pesa isiyofika dola 100, na kuipeleka palepale wapate punguzo.

Mwaka wa 1983 TI-99/4A iliuzwa dola 99, yaani chini ya gharama ya kuitengeneza. Mwezi wa 10 mwaka huohuo Texas Instruments wakafunga biashara ya kompyuta za nyumbani, baada ya kupoteza mamia ya milioni ya dola. Wale waliomfundisha Tramiel kwa fimbo wakapigwa kwa fimbo ileile.

«Sisi pia tunashika kipande»

Hapa mtu wa Kolwezi anaweza kusema: basi sisi ni kama Tramiel. Yeye alishika chipu, sisi tunashika kobalti. Hakuna wa kututisha.

Jambo hili lilikwisha kujaribiwa, na mji huu ndio uliokuwa kipimo, hata kama hakuna aliyekusudia. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC walitoka Angola wakaingia Kolwezi. Mapapa na mamama waliokuwa hapa wanakumbuka vizuri siku zile, wafu waliojaa njiani, na wanajeshi wa Ufaransa walioshuka kwa parashuti tarehe 19. Wakati ule Zaire ilikuwa inatoa sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia, na dunia ikaogopa. Libra moja ya kobalti, iliyokuwa chini ya dola 7 mwanzoni mwa mwaka wa 1978, ilipanda mpaka dola 25 kwa bei rasmi, na kwa wauzaji wa pembeni ikapita 40.

Kisha nini kikafuata? Wenye viwanda hawakukaa kungoja. Spika za redio na za muziki zilikuwa na sumaku zenye kobalti ndani. Watengenezaji wakahamia sumaku za feriti, ambazo hazina kobalti kabisa. Spika nyingi zilizo ndani ya redio za hapa leo ni za namna hiyo. Watafiti wa General Motors huko Marekani na wa Sumitomo huko Japani wakatafuta sumaku nyingine yenye nguvu bila kobalti, na mwaka wa 1984 wakaitangaza ile ya neodimi. Sumaku hizo ndizo zikaingia kwenye diski za kompyuta, kwenye spika ndogo za simu, na siku hizi kwenye mota za magari ya umeme.

Kwa hiyo vita vya siku chache mjini Kolwezi vilibadilisha sumaku za dunia nzima, na vilibadilisha kwa kuikwepa Kolwezi. Betri ndizo zilizoirudisha kobalti mezani, hasa baada ya Sony kuanza kuuza betri za litiamu mwaka wa 1991. Na hata kwenye betri hadithi inajirudia: viwanda vingi vya magari vya China vimehamia betri za LFP, zinazotumia chuma na fosfati, bila kobalti. Serikali ya Kongo ilipofunga kutoa kobalti tarehe 22 Februari 2025, kisha ikaweka viwango kuanzia mwezi wa 10 mwaka huo, bei ilipanda kweli, na kwa hazina ya taifa hilo lina maana. Lakini wahesabu wa kule walichukua tena kalamu.

Tofauti na chipu ya Tramiel ni hii: chipu ilikuwa kazi ya akili iliyomalizika, na aliyetaka kuikwepa alipaswa kuwa na maarifa ya kuchora nyingine. Madini ghafi yanakwepwa na yeyote mwenye maabara nzuri na hofu ya kutosha.

Waingereza wawili, na chipu iliyobaki

Uingereza nako vita vilikuwa vikali. Clive Sinclair aliuza kompyuta ya ZX80 kwa pauni 99.95 mwaka wa 1980. Mwaka uliofuata akatoa ZX81: pauni 69.95 ikiwa tayari, pauni 49.95 kwa anayekubali kuunganisha vipande mwenyewe nyumbani. Mwaka wa 1982 ikaja ZX Spectrum, iliyouzwa kwa mamilioni. Aliyekuwa msaidizi wake, Chris Curry, alimwacha akaanzisha kampuni nyingine, Acorn, pamoja na Hermann Hauser. BBC ilipotaka kompyuta ya kuwafundishia watu kupitia televisheni, Sinclair na Acorn wote waliitamani kandarasi. Acorn ndio waliopata. BBC ilidhani zitauzwa kompyuta 12,000 hivi. Zilipita milioni 1.

Ushindi ule haukuwazuia kuanguka. Soko lilijaa, watoto wakachoka, mashine zikabaki kwenye ghala. Acorn iliingia mikononi mwa Olivetti ya Italia mwaka wa 1985. Sinclair aliuza biashara yake ya kompyuta kwa Amstrad mwaka wa 1986 kwa pauni milioni 5. Commodore yenyewe, ambayo Tramiel aliiacha mwanzoni mwa 1984 baada ya kugombana na wenzake, ilifilisika mwaka wa 1994. Ukitaka mfano wa biashara ambayo mshindi na mshindwa wanalala kaburi moja, ni hii.

Lakini ndani ya Acorn, wakati kampuni inazama, watu wawili, Sophie Wilson na Steve Furber, walikuwa wanachora chipu yao. Iliwaka mara ya kwanza tarehe 26 Aprili 1985. Waliiita ARM. Ilikula umeme kidogo sana, jambo ambalo wakati ule halikumvutia mtu mno, kwa sababu kompyuta zilichomekwa ukutani. Leo karibu kila simu ya kisasa ina chipu ya ukoo huo, na hiyo ni pamoja na iliyo mfukoni mwa mchimbaji wa Kasulo. Kampuni ya ARM haina hata kiwanda cha chipu. Inauza mchoro, na wanaotengeneza wanailipa.

Gazeti lililokuwa duka na mwalimu

Bei peke yake haielezi namna mamilioni ya watu walivyojifunza kutumia mashine ambazo, zikiwashwa, zilionyesha mstari mmoja tu wa maandishi na kungoja. Kazi hiyo ilifanywa na magazeti ya mafundi.

Hata mwanzo wenyewe ulitoka gazetini. Mwezi wa Januari 1975 gazeti la Marekani liitwalo Popular Electronics liliweka kwenye jalada picha ya Altair 8800, kompyuta ya kuunganisha mwenyewe kwa chini ya dola 400. Waliotengeneza, kampuni ndogo ya MITS huko Albuquerque, walikuwa wamejeruhiwa na vita vilevile vya bei za kalkuleta vilivyomjeruhi Tramiel. Walitumaini kupata wateja mia chache. Maagizo yalikuja kwa maelfu. Vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, waliona gazeti lile wakaandika programu kwa ajili ya mashine hiyo. Microsoft ilianzia hapo.

Baada ya hapo magazeti yakazaliwa kwa wingi: Byte mwaka wa 1975 Marekani, Personal Computer World mwaka wa 1978 Uingereza, na mengine mengi ya kila kampuni. Ufaransa kulikuwa na Hebdogiciel kuanzia 1983, lililotoka kila juma likiwa limejaa programu zilizoandikwa na wasomaji wenyewe. Programu zilichapwa kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Ulizikopi kwa vidole, saa mbili, saa tatu. Ukikosea koma moja, hakuna kitu. Ulirudi, ulitafuta kosa, na katika kutafuta ulielewa namna mashine inavyofikiri. Wakati mwingine kosa lilikuwa la mchapaji, na toleo lililofuata liliomba radhi.

Kurasa nyingine zilikuwa na mchoro wa saketi, orodha ya vipande, na matangazo ya maduka yanayouza vipande hivyo kwa posta. Mtu wa kijijini aliweza kujua bei ya kila kitu bila kufika mjini. Hilo lilikuwa na uzito kuliko linavyoonekana. Muuzaji aliyepandisha bei alionekana palepale, kwa sababu ukurasa wa pili kulikuwa na mshindani wake.

Nchi ilipofunga mlango

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya hapa hautoki Marekani wala Uingereza. Unatoka Yugoslavia, nchi iliyokuwa na viwanda vya wastani, pesa ya kigeni kidogo, na ushuru mkali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 raia hakuruhusiwa kuingiza kitu cha thamani kupita marka 50 za Ujerumani. Kompyuta zote zilikuwa zaidi ya hapo. Waliozitaka walizificha chini ya viti vya magari, namna watu wa Kasumbalesa wanavyojua.

Mwaka wa 1983 fundi mmoja, Voja Antonić, akiwa likizoni pwani ya Montenegro, alipata wazo. Ndani ya kompyuta ndogo, sehemu ya gharama ilikuwa chipu inayochora picha kwenye televisheni. Yeye aliona kwamba chipu kuu, Z80, inaweza kuifanya kazi hiyo yenyewe ikipangiwa vizuri. Mashine ingekuwa polepole kidogo, lakini ingekuwa rahisi, na vipande vyake vingeweza kuingia nchini kwa barua bila kuvunja sheria.

Hakuanzisha kampuni. Alipeleka mchoro kwa mwandishi Dejan Ristanović, na toleo maalumu la gazeti la sayansi Galaksija, lililotoka mwisho wa 1983 na kuingia 1984, likachapa kila kitu: mchoro wa saketi, orodha ya vipande, namna ya kuunganisha. Kompyuta ikachukua jina la gazeti. Gazeti liliisha sokoni, likachapwa tena. Maelfu ya watu waliijenga, kila mmoja na sanduku lake, wengine la mbao, wengine la bati. Kumbukumbu yake ilifika kilobaiti 6, chini ya picha moja ndogo ya WhatsApp.

Sehemu inayowahusu watu wa redio ni hii. Programu ya kompyuta mwisho wake ni sifuri na moja zilizopangwa mstari. Kompyuta za nyumbani za wakati ule zilizigeuza kuwa milio, mlio wa namna moja kwa sifuri na wa namna nyingine kwa moja, na kuziandika kwenye kaseti ya kawaida ya muziki. Ukisikiliza kaseti hiyo unasikia kelele mbaya, kama nyuki ndani ya kopo. Zoran Modli, mtangazaji wa kipindi cha Ventilator 202 huko Radio Belgrade, alitambua kwamba kinachoweza kuandikwa kwenye kaseti kinaweza pia kurushwa hewani. Akawaambia wasikilizaji watayarishe kaseti, akarusha kelele ile dakika chache, na waliorekodi vizuri waliichomeka kwenye kompyuta yao na kupata mchezo, ama hesabu za shule, ama hata gazeti dogo la kusoma kwenye kioo. Wasikilizaji walituma programu zao, zikarushwa tena zikiwa zimesahihishwa. Bila intaneti, bila posta, bila franka moja.

Waliojaribu karibu na sisi

Huku Afrika ya kati na ya mashariki majaribio yapo. Verone Mankou wa Brazzaville alitoa tableti ya Way-C na mwaka wa 2012 telefone aliyoiita Elikia, yaani tumaini kwa Kilingala. Zilichorwa Brazzaville, zikatengenezwa China. Oktoba 2019 kiwanda cha Mara Phones kilifunguliwa Kigali, na kingine Durban, Afrika Kusini, mwezi uleule. Simu za Kigali zilianza karibu dola 130 na nyingine karibu 190, wakati ku soko kulikuwa na simu za kisasa za chini ya dola 60. Kiwanda cha Durban hakikutimiza miaka 3, mwaka wa 2022 mali yake ilipigwa mnada. Kenya ilifungua kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River Oktoba 2023, kikianza kwa simu za shilingi 7,499 na 8,999. Kile kina Safaricom nyuma yake, mwenye wateja mamilioni na uwezo wa kuuza kwa mkopo wa kila siku. Hapo ndipo tofauti na Mara inaonekana.

Na mshindani wao wote ni nani? Ni Transsion ya Shenzhen, mama wa Tecno, Itel na Infinix. Kampuni hiyo iliyoanza mwaka wa 2006 iliamua kulenga Afrika wakati wakubwa walikuwa wanatudharau. Ikaweka nafasi ya kadi mbili kwa sababu mtu hapa ana laini ya Vodacom na ya Airtel. Ikaweka betri ya kukaa siku nyingi kwa sababu delestaje ni ya kila siku. Ikarekebisha kamera ili sura nyeusi ionekane vizuri usiku. Hakuna lolote kati ya hayo lililohitaji kuwa na mgodi. Lilihitaji kumwangalia mteja, kisha kuagiza vipande kwa wingi ambao mwingine hawezi kuufikia.

Ndiyo maana siku mtu atakapokuja kuahidi kiwanda cha telefone Kolwezi, na kwenye kampeni ahadi kama hizo hazikosi, inafaa raia aulize mapema. Chipu anainunua wapi na kwa bei gani kuliko Transsion? Umeme utatoka wapi, wakati migodi yenyewe, na Nseke na Nzilo ziko karibu, inanunua umeme Zambia? Nani atanunua simu za kwanza laki moja? Na serikali inapotaka pesa kwenye simu, itafanya kama ilivyofanya na RAM, ile kodi iliyokatwa kwenye salio la simu la watu kuanzia 2020 mpaka ikafutwa 2022? Akijibu kwa kusema tu kwamba kobalti iko hapa, hesabu ya gramu iko juu ya ukurasa huu.

Kilicho tayari kwenye meza

Kiwanda hakipo, lakini mafundi wapo. Anayebadilisha kioo cha simu, anayefufua karti mama ya ordinatere iliyoingia maji, anayechukua seli nzima kwenye betri za laptopu zilizokufa na kuzifunga ziwe betri ya taa ya solari, wote wanafanya kazi aliyoanzia Tramiel. Wengi walijifunza kwa kumkalia fundi mwingine mwaka mmoja au miwili, na sasa wanajifunza kwa video za Kihindi na za Kiingereza, wakifuata mikono bila kuelewa maneno. Anayeelewa Kifaransa vizuri anapata zaidi. Asiyeelewa anakariri.

Matokeo yake yanaonekana kwa mteja. Fundi anayejua kipande gani kimeungua anabadilisha kipande cha dola 1. Fundi anayekariri anabadilisha karti nzima, kama anaipata, ama anasema mashine imekufa. Pesa ya tofauti hiyo inatoka mfukoni mwa raia kila siku, na sehemu kubwa inakwenda kulekule zilikokwenda gramu za shaba.

Vifaa vya kujifunzia vimeshuka bei kuliko wakati wowote. Raspberry Pi, kompyuta ya ubao mmoja iliyotoka Uingereza mwaka wa 2012 kwa dola 35 na yenye chipu ya ARM, ilibuniwa na watu waliosikitika kuona wanafunzi wa siku hizi hawajui tena yale waliyojua watoto wa Spectrum na BBC. Novemba 2015 wakatoa ndogo zaidi, Zero, ya dola 5, na wakaigandisha bure kwenye jalada la gazeti lao, The MagPi. Uliponunua gazeti ulipata kompyuta nzima juu yake. Ikifika Kolwezi bei inaongezeka kwa usafiri na kwa mikono, lakini bado ni chini ya telefone ya kawaida, na inatosha kuendesha pampu ya maji kwa saa zilizopangwa ama kulinda betri za solari zisiishe kabisa.

Mchoro wa saketi leo unapita kwa WhatsApp kwa sekunde moja, hauhitaji kelele za nyuki hewani. Kinachokosekana ni maelezo yake kwa Kiswahili cha hapa, na hata majina. Kipande kimoja, kapasita, fundi wa Manika anakiita kwa Kifaransa, mwenzake aliyesomea Ndola anakiita kwa Kiingereza, na kijana anayejifunza anakiita «kale kadogo ka njano». Kale kadogo ka njano mara nyingi ni tantalo, inayotoka kwenye koltani ya Kivu na Tanganyika. Kikishika shoti, simu haiwaki kabisa, na bei yake ku soko la vipande haifiki hata dola 1.